"Rejea hazisimami": kurejelea mikataba ya biashara katika maandishi ya kisheria

SWALI: Mimi ni wakili kijana, nafanya kazi Arusha. Nimeandika maoni ya kisheria kwa Kiswahili kwa ajili ya mteja anayesindika juisi na kuiuza nchi jirani ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Huko ametozwa ushuru wa bidhaa mkubwa kuliko ule wanaotozwa wasindikaji wa nchi hiyo. Nimetaja GATT (mkataba mkuu wa ushuru na biashara), Mkataba wa Jumuiya, AfCFTA (eneo huru la biashara la Afrika), kesi mbili tatu za WTO (Shirika la Biashara Duniani), hata AGOA (mpango wa Marekani wa kupunguzia Afrika ushuru). Wakili mkuu wa ofisi amenirudishia rasimu na maneno mawili tu pembeni: "Rejea hazisimami." Sielewi kama nimekosea mtindo au kuna jambo jingine. Na je, majina ya mikataba niyatafsiri?

JIBU: Wakili msomi, rasimu yako sijaiona, lakini orodha uliyoitoa inatosha kunionyesha alichokiona mkuu wako. Sidhani kama alikuwa analalamikia mkato na nukta. Mtindo ukikosewa hurekebishwa kwa muda mfupi. Kazi ngumu iko kwingine: umepanga pamoja nyaraka zenye nguvu tofauti kana kwamba zote ni sheria ya aina moja. Kila rejea ina madai ndani yake. Ukiandika "GATT, Ibara ya III", umemwambia msomaji kwamba andiko hilo lipo, kwamba linatumika leo, kwamba linaifunga nchi unayoilalamikia, na kwamba maneno uliyonukuu ndiyo yaliyomo. Moja likiwa si kweli, wakili wa upande wa pili hahitaji kujibu hoja yako. Atajibu tanbihi yako, na itamtosha.

Nianze na AGOA kwa sababu ndiyo rahisi kuiondoa. AGOA si mkataba. Ni sheria ya Bunge la Marekani, sehemu ya Sheria ya Biashara na Maendeleo ya mwaka 2000, iliyotiwa saini na rais wa nchi hiyo tarehe 18 Mei 2000, na rejea yake ni Pub. L. 106-200, 114 Stat. 251. Tanzania haikusaini chochote hapo. Marekani ndiyo inayoamua nani anastahili, nani anaondolewa na kwa masharti gani. Kwa hiyo anayeirejelea huirejelea kama sheria ya nchi ya kigeni, kwa vifungu vyake na marekebisho yake, na haandiki kamwe "nchi wanachama wa AGOA". Katika mgogoro wa ushuru kati ya nchi mbili za Jumuiya haina kazi yoyote. Itoe.

GATT ndiyo iliyowaangusha wengi zaidi, maana kuna GATT mbili. Ya kwanza ni ya tarehe 30 Oktoba 1947, iliyoanza kutumika kwa muda tangu 1 Januari 1948 na ikaendelea "kwa muda" huohuo kwa karibu nusu karne. Ya pili ni GATT ya 1994, iliyo ndani ya Kiambatisho 1A cha Mkataba wa Marrakesh ulioanzisha Shirika la Biashara Duniani. Ibara ya II:4 ya Mkataba wa Marrakesh inasema waziwazi kwamba hizi mbili ni tofauti kisheria. Wajibu wa leo unatokana na ya 1994, na hiyo ndiyo ya kutaja.

Sasa angalia mtego. Ukiifungua GATT ya 1994 yenyewe utakuta waraka mfupi, usio na ibara ya kukataza ubaguzi wa kodi hata moja. Kazi yake ni kuvuta ndani masharti ya GATT ya 1947 jinsi yalivyorekebishwa, pamoja na itifaki, maamuzi na maafikiano yaliyofuata. Hivyo maneno ya Ibara ya III unayoyahitaji yako katika andiko la 1947. Mwanasheria makini, akitaka kwenda kwenye chanzo, atafungua juzuu ya 55 ya Mfululizo wa Mikataba ya Umoja wa Mataifa, ile inayoandikwa UNTS, na hapo ndipo anapoumia. Ibara ya III iliyochapwa katika juzuu hiyo si ile inayotumika sasa, kwa sababu iliandikwa upya kwa itifaki ya mwaka 1948. Nukuu basi kutoka katika maandishi yaliyounganishwa yanayotolewa na WTO, na katika tanbihi uandike "GATT 1994, Ibara ya III:2". Namba ya juzuu ya 55 iwekwe pale tu unapozungumzia historia.

Tena usiishie kwenye ibara. GATT ina maelezo ya kufasiri yaliyo katika Kiambatisho I, ambayo kwa Ibara ya XXXIV ni sehemu kamili ya mkataba. Kwa kesi ya kodi kama ya mteja wako, sentensi ya pili ya Ibara ya III:2 haisomeki bila maelezo hayo: humo ndimo inamopatikana hoja ya bidhaa zinazoshindana moja kwa moja au zinazoweza kuchukua nafasi ya nyingine. Juisi ya embe ya Tanzania na juisi ya nanasi ya jirani huenda zisiwe "bidhaa zinazofanana" kwa maana finyu, na hapo sentensi ya pili ndiyo itakayokubeba. Andika: GATT 1994, Ibara ya III:2, sentensi ya pili, ikisomwa pamoja na Ad Article III (ndiyo maelezo hayo ya kufasiri), aya ya 2. Ukiacha nusu ya pili ya rejea hiyo, umenukuu nusu ya sheria.

Kuhusu namba, fuata mkataba ulivyojiandika. GATT na GATS (mkataba wa biashara ya huduma) hutumia namba za Kirumi, na desturi ni kutenganisha ibara na aya kwa nukta mbili: III:4, XVI:2. Mikataba kama ule wa vikwazo vya kiufundi, ule wa afya ya mimea na wanyama, TRIPS (ule wa haki miliki) na Maafikiano ya Kusuluhisha Migogoro hutumia namba za kawaida na nukta moja: 2.1, 5.1, 27.1, 3.2. Usizigeuze ili zifanane. Anayesoma nyaraka hizi kila siku hujua mkataba kwa kuitazama namba tu, na akikuta "GATT 3.4" anajua mwandishi hajaufungua.

Rejea kamili ya mkataba, mara ya kwanza unapoutaja, inahitaji vitu vinne: jina rasmi, tarehe ya kusainiwa au kupitishwa, tarehe ya kuanza kutumika, na mahali ulipochapishwa. Katika maandishi ya Kiswahili mimi huandika hivi:

Marrakesh Agreement Establishing the World Trade Organization (ulisainiwa 15 Aprili 1994, ukaanza kutumika 1 Januari 1995) 1867 UNTS 154.

Treaty for the Establishment of the East African Community (ulisainiwa 30 Novemba 1999, ukaanza kutumika 7 Julai 2000) 2144 UNTS 255.

Agreement Establishing the African Continental Free Trade Area (ulisainiwa 21 Machi 2018, ukaanza kutumika 30 Mei 2019) 58 ILM 1028.

Namba ya kwanza ni juzuu, ya mwisho ni ukurasa wa kuanzia. ILM ni jarida la nyaraka za sheria za kimataifa linalochapishwa Marekani, na hutumika pale ambapo huna rejea ya UNTS. Huo ni mtindo unaokaribiana na OSCOLA wa Oxford. Wamarekani, kwa kitabu chao cha Bluebook, hupanga tarehe kwingine na kutia nukta katika kila kifupisho. Chagua mmoja ambao ofisi yako au mahakama inaukubali, ukae nao hadi ukurasa wa mwisho. Sina la kuongeza kuhusu mtindo.

La kuongeza ninalo kuhusu tarehe mbili, kwa sababu vijana huziona kama mapambo na kuacha ya pili. Mkataba wa eneo huru la biashara la pande tatu, yaani COMESA (soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika), Jumuiya ya Afrika Mashariki na SADC (jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika), ulisainiwa Sharm el-Sheikh tarehe 10 Juni 2015. Ulianza kutumika 25 Julai 2024. Kwa miaka tisa yote katikati, aliyeurejelea kwa tarehe ya saini peke yake alikuwa akitaja nia ya serikali na kuiita sheria. AfCFTA nayo ina itifaki zilizokuja kwa awamu. Zile za biashara ya bidhaa, biashara ya huduma na usuluhishi wa migogoro zilikuwa za awamu ya kwanza. Za uwekezaji, haki miliki na ushindani zilipitishwa na wakuu wa nchi Februari 2023, na kupitishwa na wakuu wa nchi si sawa na kuanza kutumika. Unapozitaja za awamu ya pili, angalia idadi ya nchi zilizoridhia siku hiyo unayoandika, kisha uandike hali yake ndani ya mabano ya rejea. Kwa mteja wako andiko ni Itifaki ya Biashara ya Bidhaa, Ibara ya 5, inayohusu kutobagua kati ya bidhaa za ndani na za kutoka nje. Kuandika "AfCFTA, Ibara ya 5" hakutoshi, maana mkataba mama nao una Ibara yake ya 5, inayoorodhesha kanuni za jumla tu.

Kuna tarehe ya tatu ambayo haionekani kwenye rejea ila lazima uijue: nchi husika ilijiunga lini, na bado imo? Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, wakati Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi zimo. Nimeona hoja nzuri kabisa iliyojengwa juu ya mkataba wa COMESA kwa faida ya msafirishaji wa Tanzania. Ilikuwa na rejea safi. Haikuwa na mkataba.

Tuje nyumbani, kwenye Jumuiya, ambako kwa maoni yangu ndiko hoja yako yote inapaswa kukaa. Hapa utashughulika na nyaraka za ngazi nne, na kila moja inarejelewa kwa njia yake. Juu kabisa ni Mkataba wenyewe, uliorekebishwa mwaka 2006 na 2007. Zipo nakala nyingi za mwaka 1999 zinazozunguka mitandaoni bila marekebisho hayo, na anayetumia hizo hataona mgawanyo wa Mahakama ya Afrika Mashariki katika divisheni ya mwanzo na divisheni ya rufaa. Ongeza maneno "kama ulivyorekebishwa".

Chini yake ni itifaki: ya Umoja wa Forodha, iliyosainiwa 2 Machi 2004 na kuanza kutumika 1 Januari 2005, na ya Soko la Pamoja, iliyosainiwa 20 Novemba 2009 na kuanza kutumika 1 Julai 2010. Itifaki ni sehemu kamili ya Mkataba kwa mujibu wa Ibara ya 151(4), na sentensi hiyo inafaa kuwekwa mapema katika maoni yako, kwa sababu ndiyo inayokupa daraja kutoka Ibara ya 15 ya Itifaki ya Umoja wa Forodha kwenda kwenye mamlaka ya Mahakama. Ibara hiyo ya 15 ndiyo inayokataza nchi mwanachama kubagua bidhaa za mwenzake kwa sheria, kwa hatua za kiutawala au kwa kodi za ndani. Ndiyo ndugu wa karibu wa GATT III, lakini iko karibu na mteja wako kuliko GATT.

Ngazi ya tatu ni sheria zinazotungwa na Bunge la Afrika Mashariki. Ile ya Usimamizi wa Forodha ya mwaka 2004 wengi huiita "mkataba wa forodha". Ni sheria, ina vifungu wala haina ibara, na hurejelewa kama sheria nyingine yoyote: East African Community Customs Management Act, 2004, kifungu cha fulani. Ngazi ya nne ni kanuni, maelekezo na maamuzi ya Baraza la Mawaziri. Ibara ya 14(5) inataka kanuni na maelekezo yachapishwe katika Gazeti la Jumuiya, na yanaanza kutumika siku ya kuchapishwa isipokuwa yenyewe yaseme vinginevyo. Kwa hiyo taarifa ya mkutano wa mawaziri, hata iwe na nembo, haiwezi kushika nafasi ya Gazeti. Taja juzuu, namba na tarehe ya Gazeti. Hili lina uzito wa pekee kwa viwango vya ushuru, maana kila mwaka kuelekea mwezi Julai hutolewa orodha ya nchi zilizoruhusiwa kutoza tofauti na Ushuru wa Pamoja wa Forodha, mara nyingi kwa mwaka mmoja tu. Ukinukuu kiwango bila tarehe ya Gazeti, msomaji hana namna ya kujua kama bado kinaishi. Vivyo hivyo Ushuru wa Pamoja wenyewe: toleo lililoanza 1 Julai 2022 ndilo lililoleta daraja la nne la asilimia 35 juu ya yale ya 0, 10 na 25, hivyo kutaja "Ushuru wa Pamoja" bila toleo ni sawa na kutotaja.

Kesi za Mahakama ya Afrika Mashariki hurejelewa kwa majina ya wahusika, namba ya shauri, divisheni na tarehe ya hukumu. Moja inakuhusu moja kwa moja, na nitashangaa kama haimo katika rasimu yako:

British American Tobacco (U) Ltd v Attorney General of Uganda, Reference No. 7 of 2017, Divisheni ya Mwanzo, hukumu ya 26 Machi 2019.

Uganda ilikuwa imerekebisha sheria yake ya ushuru wa bidhaa mwaka 2017, ikaweka kiwango cha juu kwa sigara zilizoingizwa nchini kuliko zilizotengenezwa ndani, na zilizotoka Kenya zikahesabiwa ni za kigeni. Mahakama iliona hilo linavunja sheria ya Jumuiya. Badilisha sigara kwa juisi, na una mfano wa karibu kuliko kesi zote za Geneva, yaliko makao ya WTO. Namba ya shauri iandike kama ilivyo kwenye hukumu, kwa Kiingereza, maana ndiyo anuani ya jalada.

Kesi za WTO zina ugumu wao. Rejea kamili inaonekana hivi:

Appellate Body Report, Japan – Alcoholic Beverages II, WT/DS8/AB/R, WT/DS10/AB/R, WT/DS11/AB/R, ilipitishwa 1 Novemba 1996, DSR 1996:I, 97.

Alama za WT/DS, yaani namba za mgogoro, ni tatu kwa kuwa walalamikaji walikuwa watatu: Jumuiya ya Ulaya, Kanada na Marekani. AB inaonyesha ni Chombo cha Rufani, R ni ripoti. Ingekuwa ya jopo, yaani ngazi ya kwanza ya kusikiliza, AB isingekuwepo. Ukikuta RW, hiyo ni ripoti ya kuangalia kama aliyeshindwa ametekeleza. DSR ni mfululizo uliochapwa wa ripoti hizo. Jina fupi la kesi hutolewa na WTO, basi usitunge lako wala kulitafsiri.

Tarehe ya kutaja ni ya ripoti kupitishwa na wanachama wakiwa katika Chombo cha Kusuluhisha Migogoro. Mtu huweka kirahisi tarehe iliyo kwenye jalada la ripoti, ambayo ni ya kusambazwa. Katika kesi maarufu ya kamba wa baharini na kasa, WT/DS58/AB/R, ripoti ya rufani ilisambazwa 12 Oktoba 1998, ikapitishwa 6 Novemba 1998. Nguvu ya kisheria ilianza Novemba. Na ukirejelea ripoti ya jopo ambayo ilikatiwa rufaa, lazima uongeze kwamba ilithibitishwa, ilirekebishwa au ilibatilishwa na Chombo cha Rufani. Jopo la kesi hiyohiyo ya kasa lilikuwa na hoja kali ambazo ziligeuzwa juu, na bado huwa naona wanafunzi wakizinukuu kama neno la mwisho.

Siku hizi suala la kupitishwa limekuwa gumu zaidi. Tangu 11 Desemba 2019 Chombo cha Rufani hakina wajumbe wa kutosha kusikiliza rufaa mpya. Kwa Ibara ya 16.4 ya Maafikiano ya Kusuluhisha Migogoro, ripoti ya jopo iliyokatiwa rufaa haiwezi kuzingatiwa ili ipitishwe mpaka rufaa iishe. Aliyeshindwa akikata rufaa leo, ripoti inabaki hewani. Mfano ni kesi ya Ulaya dhidi ya Indonesia kuhusu madini ya nikeli, WT/DS592/R, iliyosambazwa 30 Novemba 2022 na kukatiwa rufaa mwezi uliofuata. Unaweza kuitaja, ila kwa maneno haya: "haijapitishwa, imekatiwa rufaa". Chombo cha Rufani chenyewe kilisema katika kesi ya vileo vya Japani kwamba ripoti ya jopo isiyopitishwa haina hadhi ya kisheria, ingawa jopo la baadaye linaweza kupata mwongozo katika hoja zake. Hata zilizopitishwa hazifungi isipokuwa kwa mgogoro ule. Kwa hiyo acha neno "iliamriwa" kila unapozitumia kwa wahusika wengine. "Ilifasiriwa" linatosha na ni kweli.

Rejea ya mahali hasa ndani ya ripoti ni namba ya aya, wala si ukurasa. Isipokuwa ripoti za rufani za mwanzo kabisa, za mwaka 1996 na sehemu ya 1997, ikiwemo hiyo ya vileo, ambazo hazikuwa na namba za aya, na hapo hutajwa ukurasa. Nikikuta mtu ameandika "aya ya 45" ya ripoti hiyo, najua ameichukua kwenye kitabu cha mwingine au ameandikiwa na programu. Na za programu zimezidi. Mwaka 2023 jaji wa mahakama ya shirikisho huko New York aliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha kesi ambazo hazijawahi kuwepo, zilizobuniwa na roboti ya mazungumzo. Namba ya DS huchukua dakika moja kuihakiki katika hifadhi ya nyaraka za WTO. Ihakiki.

Nyaraka nyingine za WTO zinatambulika kwa alama zake, na alama ndiyo unayopaswa kuiandika badala ya kiungo cha mtandaoni, kwa sababu kiungo hufa na alama haibadiliki. G ni bidhaa, S ni huduma, IP ni haki miliki, TN ni majadiliano. Alama inayoanza G/TBT/N/TZA ni taarifa ya Tanzania kuhusu kanuni ya kiufundi. Rev ni toleo lililoandikwa upya, Add ni nyongeza, Corr ni masahihisho, na ukiacha mkia huo umemtuma msomaji kwenye waraka mwingine. Kuna maandiko yanayoonekana kama mkataba na si mkataba. TN/AG/W/4/Rev.4 ya 6 Desemba 2008 ina kurasa nyingi za kanuni za kilimo zilizopangwa kwa aya, na W ndani yake inakwambia kuwa ni waraka wa kazi. Wanachama hawakuukubali kamwe. Kwa upande mwingine, Uamuzi wa Nairobi wa 19 Desemba 2015 kuhusu ushindani wa mauzo ya nje ya kilimo, WT/MIN(15)/45, ambao pia una alama WT/L/980, ulipitishwa na mawaziri. Kwa macho ya haraka nyaraka hizi mbili zinafanana.

Ripoti za mapitio ya sera za biashara, zenye alama ya WT/TPR, ni hazina ya takwimu na maelezo. Hapa, baada ya TPR, S ni ya sekretarieti, G ni ya serikali yenyewe. Itumie kuthibitisha kwamba kodi fulani ipo. Usiitumie kama ushahidi kwamba kodi hiyo inavunja sheria, maana utaratibu wa mapitio unasema wenyewe, katika Kiambatisho cha 3 cha Mkataba wa Marrakesh, kwamba haukukusudiwa kuwa msingi wa kutekeleza wajibu wala wa kusuluhisha migogoro.

Swali lako la tafsiri. Tangu Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya utoaji haki Tanzania, kwa hiyo una kila sababu ya kuandika kama ulivyoandika. Lakini Mkataba wa Marrakesh una maandishi halisi matatu: Kiingereza, Kifaransa na Kihispania. AfCFTA una manne: Kiarabu, Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Kwa Ibara ya 33 ya Mkataba wa Vienna kuhusu Sheria ya Mikataba, 1155 UNTS 331, tafsiri ya lugha nyingine haihesabiwi kuwa andiko halisi mpaka mkataba useme hivyo au wahusika wakubaliane. Basi katika mwili wa maoni tumia jina la Kiswahili, na katika tanbihi weka jina rasmi bila kuligusa. Unaponukuu maneno yanayobeba hoja, yaweke kwa Kiswahili juu, andika "tafsiri ya mwandishi", kisha weka maneno ya asili katika tanbihi. Jaji anayetaka kupima tafsiri yako asihangaike. Na neno la Kiswahili ulilochagua mwanzo kwa dhana moja ulitumie hadi mwisho: ukianza na "bidhaa zinazofanana", usije ukurasa wa kumi na "bidhaa za aina moja", mpinzani atadai umebadilisha kipimo.

Jambo moja la sheria ya ndani, kwa kifupi. Kenya ina Ibara ya 2(6) ya Katiba ya 2010, inayofanya mkataba uliokwisha kuridhiwa kuwa sehemu ya sheria ya nchi. Kwetu, Ibara ya 63(3)(e) ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba, na mahakama zetu hutarajia pia kuona sheria iliyotungwa kuupa mkataba nguvu. Kama maoni yako yataishia mbele ya mahakama ya ndani, tanbihi ya mkataba ifuatiwe na sheria hiyo. Kwa mahakama ya nchi jirani, tafuta sheria ya huko.

Ningekuwa mimi, ningeipindua rasimu yako. Ibara ya 15 ya Itifaki ya Umoja wa Forodha ingekuja kwanza, kisha kesi ya sigara ya 2019. GATT III:2 na vileo vya Japani vingepata aya moja kuelekea mwisho, kusaidia kufasiri maneno yanayofanana. AfCFTA ingepata sentensi moja. Sababu yangu ni kwamba mteja wako hana mlango Geneva, ambako serikali ndizo zinazoshtakiana. Mlango anao papo hapo Arusha, kwa Ibara ya 30 ya Mkataba wa Jumuiya, inayomruhusu mkazi wa nchi mwanachama, awe mtu au kampuni, kupeleka shauri.

Ila Ibara ya 30(2) inampa miezi miwili tu, tangu sheria au kitendo kinacholalamikiwa kilipotokea au tangu alipokijua. Kwa hiyo rejea ya kwanza ya kuisahihisha leo haiko kwenye mkataba wowote. Ni ile ya sheria ya ushuru wa bidhaa ya nchi jirani: namba yake, gazeti la serikali lililoichapa, na siku lilipotoka. Hesabu miezi miwili kuanzia hapo, ndipo umpigie mteja.